Matroni na Pamba Yenye Uzi

Sogeza kiti, msomaji wangu, nikueleze habari za mtu mmoja. Kama kuna mwanamume chumbani, mwache abaki. Nitakayosema yanahusu damu ya kila mwezi, na yeye pia alizaliwa na mtu aliyeipata. Nitakwenda polepole. Tukifika mahali pagumu nitapaeleza kabla hatujapapita.

Mtu huyo alikuwa matroni wa bweni la wasichana katika shule moja ya mchanganyiko huko Mbulu, miaka ile watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, na sisi wanafunzi tukilima mahindi ya shule kila alasiri kwa jina la kujitegemea. Jina alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia. Sisi tulimwita Matroni, walimu walimwita Matroni, na barua zake zilikuja zimeandikwa Matroni, zikamfikia. Kwao sikuwahi kupajua. Wengine walisema Tabora, wengine Kondoa. Ukimuuliza, alijibu kwamba ametoka kwenye joto.

Hilo lilionekana. Alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na kanga juu ya zote, iwe Julai au Desemba. Alikunywa chai ya rangi katika nchi ya maziwa, kwa sababu maziwa yetu, alisema, yananuka moshi wa kibuyu. Tulimweleza kwamba huo moshi ndio utamu wenyewe. Akasema amesikia, akaendelea na chai yake. Alisali sala zake tano nyuma ya kabati la mashuka, na Jumapili alitupanga mistari twende kanisani, akikagua kucha za kila mmoja kana kwamba huko ndiko Mungu angeanzia.

Kwa maandishi, kazi yake ilikuwa kutunza bweni. Kwa kweli, kazi yake ilikuwa kuuliza maswali ambayo mama zetu hawakutuuliza. Aliuliza kama umepata choo, na aliuliza kwenye foleni ya chakula. Ukiinamisha kichwa, alisema, "Mwili si siri ya serikali." Ukificha jipu, alisema, "Aibu sina dawa yake. Jipu ninayo. Nionyeshe jipu."

Kila mwanzo wa muhula aliwakusanya wasichana wapya akawafundisha neno hedhi. Aliwataka walitamke wote kwa pamoja, kama wanavyoimba jedwali la kuzidisha. Wengi wetu tulitoka Tlawi na vijiji vya jirani, ambako jambo hilo lilisemwa kwa macho tu, na macho yenyewe yakiwa yanatazama pembeni. Siku ya kwanza sauti zetu hazikufika hata dirishani. Siku ya tatu mpishi wa shule alizisikia akiwa jikoni, akatuma mtu kuuliza hedhi ni mboga gani.

Lakini sitaki umwone kuwa jasiri kuliko alivyokuwa. Tukiwa katikati ya kuimba, akipita mwalimu wa kiume, Matroni ndiye aliyekuwa wa kwanza kubadilisha somo. "Vyakula vya kujenga mwili!" alisema kwa haraka, nasi tukajibu maharage, nyama, mayai. Walimu wanaume wa shule ile waliamini kwamba wasichana tunasoma lishe mwaka mzima.

Na kuna hili la vitambaa. Wakati huo wengi tulitumia vipande vya kanga kuukuu, tunavikunja na kuvifunga kiunoni kwa mkanda, tunavifua, kisha tunavificha chini ya godoro vikauke. Mbulu kuna baridi na ukungu. Chini ya godoro hakikauki kitu. Tulivivaa vikiwa na unyevu, vikatuchubua mapaja, tukatembea kama watu waliotoka kupanda punda. Matroni aliinua magodoro yote siku moja, hakufoka, akafunga kamba nyuma ya bweni na kusema kitambaa kinataka jua, kwa sababu jua linaua vijidudu na chini ya godoro vinazaliana. Alisema kweli kabisa. Wiki ile ile alinituma chumbani kwake nikamchukulie kitabu cha dawa, nikakuta vitambaa vyake vimetundikwa kwenye uzi chini ya kitanda. Nilipompa kitabu alinitazama, akajua nimeona.

"Mimi ni mtu mzima," alisema. "Nimeshachelewa."

Sasa nieleze shida yangu mimi.

Katika shule zetu, mwanafunzi akiulizwa swali husimama. Huwezi kujibu ukiwa umekaa; ni utovu wa adabu. Mimi nilikuwa mzuri wa hesabu kuliko wavulana wote wa darasa letu, isipokuwa siku tano za kila mwezi. Siku hizo nilitoka damu nyingi, na kitambaa kilihama kila nilipojongea. Mwaka uliotangulia msichana mmoja kutoka Getanuwas alisimama kujibu swali la jiografia, na nyuma ya sketi yake wavulana wakaona doa. Hawakucheka sana. Walinyamaza, jambo ambalo ni baya zaidi. Jioni hiyo alifunga sanduku lake akaenda kwao, na hakurudi tena. Alikuwa amelijibu swali sawasawa.

Kwa hiyo siku zangu zikifika, mwalimu akiniuliza, nilisema "Sijui, mwalimu" nikiwa nimeinama juu ya dawati kana kwamba nina jino bovu. Mwalimu wa hesabu, mtu mwema asiye na mke, aliwaeleza wenzake kwamba mimi nina akili wiki tatu na ya nne napumzika. Aliyasema kwa huruma. Alidhani ni malaria.

Kisha yakatangazwa mashindano ya hesabu baina ya shule, yatakayofanyika Katesh. Kila shule ingepeleka wanafunzi wawili, wasimame jukwaani mbele ya ubao asubuhi nzima, wakijibu maswali mbele ya wageni. Mwalimu wa hesabu akanichagua mimi na mvulana mmoja. Matroni alikuwa ametufundisha kuweka alama kwenye kalenda, kila msichana na penseli yake. Akaisogelea kalenda yangu, akahesabu kwa vidole, akahesabu tena kwa mkono wa pili.

"Utakuwa siku ya pili," alisema.

Siku ya pili ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Nilimwambia nitamwomba mwalimu amchague mwingine. Hakunikatalia. Alisema tu kwamba bado kuna miezi mitatu, na kwamba miezi mitatu ni mizunguko mitatu.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo nikueleze habari za katoni. Kule Basotu, karibu na mashamba ya ngano, waliishi wageni wa kutoka ng'ambo waliokuja na matrekta. Mke wa mmoja wao aliporudi kwao aliigawia shule yetu katoni la vitu: sufu ya kufuma, vikombe, mishumaa miwili, na pakiti nne za pamba ndogo ngumu, kila moja ndefu kama kidole cha mwisho, yenye uzi unaoning'inia mwishoni. Matroni alikuwa likizo. Mwalimu wa stoo aliichunguza ile pamba, akauvuta uzi, akatangaza kwamba ni tambi za taa.

Usimcheke upesi. Tambi zilikuwa adimu, na kitu cha pamba chenye uzi, akiambiwa mtu yeyote wa Mbulu akitaje, angesema ni tambi. Walizitia kwenye koroboi za madarasa na za nyumba za walimu. Ziliwaka vizuri sana. Kasoro yake ni kwamba zilikunywa mafuta kama ndama, na mafuta ya taa ya muhula mzima yakaisha katika wiki mbili. Walimu wakashukiana wizi.

Matroni aliporudi aliingia ofisini kwa mkuu wa shule kuripoti, akaona uzi unaning'inia kwenye koroboi juu ya meza. Aliniambia baadaye kwamba ile ndiyo siku pekee katika utumishi wake aliyokosa neno. Aliwahi kusoma habari za pamba hizo katika kitabu cha mafunzo ya afya. Hakumweleza mkuu. Alisema tu kwamba hivyo ni vitu vya idara yake. Mkuu akauliza idara gani. Akajibu, "Afya," akaichukua koroboi yenyewe, akaenda kuzidai nyingine darasa kwa darasa. Zilizopona, zikiwa bado kwenye pakiti bila kuguswa na mafuta, zilikuwa kumi na tisa.

Pamba hiyo huitwa tamponi. Nikueleze vizuri: haivaliwi nje kama kitambaa; huwekwa ndani, mahali damu inapopitia, inainyonya hapo hapo, na uzi hubaki nje ili uivutie. Matroni alitueleza hivyo hivyo, wasichana wakubwa tukiwa tumekaa sakafuni. Alichukua moja akaitumbukiza kwenye kikombe cha chai yake iliyopoa. Ikavimba. Tukarudi nyuma wote kwa pamoja.

Msichana mmoja akauliza, ikipotelea ndani je?

"Ipotelee wapi?" alisema Matroni. "Mwisho wa njia kuna mlango mdogo, na umefungwa. Haiendi Singida."

Mwingine, wa kutoka nyumba ya dini sana, akauliza kwa sauti ya chini kama haitamharibu msichana.

"Pamba ni pamba," alisema Matroni. "Haina nia."

Hakuna aliyejitokeza kuzijaribu. Hakumlazimisha mtu. Alisema kitambaa kilichokauka juani ni kizuri pia, na kwamba anayependa kitambaa asimwonee wivu wala huruma anayependa pamba. Kisha akazifungia kabatini. Baada ya siku mbili nilimfuata nikamwambia nataka kusimama Katesh.

Mzunguko wa kwanza tulishindwa. Bafu letu lilikuwa la mabati, lina kigoda na beseni. Matroni alisimama nje ya mlango na ile karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani ya pakiti, ya Kiingereza, yenye picha, akinisomea kwa Kiswahili kama mtu anayeongoza gwaride.

"Umenawa mikono kwa sabuni?"

"Nimenawa, Matroni."

"Mguu mmoja juu ya kigoda. Umeuweka?"

"Nimeuweka."

"Legeza mwili. Pumua."

"Napumua."

"Sikusikii."

Ni vigumu kulegeza mwili wakati mtu anakusikiliza kama umelegea. Nilikaza hata meno. Iliuma, nikaiacha, nikatoka nikiwa natoa machozi, naye akasema basi, kilichoshindikana leo hakijafa. Akanikumbusha kwamba kinachouma hakisukumwi kwa nguvu. Hutolewa, na mtu hupumzika. Akanikataza kujaribu siku zisizo za damu, kwa sababu pamba kavu mahali pakavu hukwaruza.

Mzunguko wa pili ilikaa, lakini nusu. Nilitembea kutoka bafuni hadi bwenini kama mbuzi aliyefungwa miguu. Matroni alinitazama njia nzima.

"Unaisikia?" aliuliza.

"Naisikia sana."

"Basi haijafika. Inatakiwa ipande kidogo, ikielekea mgongoni, siyo juu moja kwa moja. Ikikaa mahali pake huisikii. Kwani viatu vyako vya shule unavisikia?"

Nilimwambia sina viatu vya shule. Akasema huo ulikuwa mfano.

Mzunguko wa tatu ulikuja wiki nne kabla ya Katesh. Ndio uliokuwa wa mwisho. Uliofuata ungenikuta jukwaani. Niliingia bafuni, yeye akasimama nje na karatasi yake, tukaanza tena na mikono na sabuni. Alikuwa amefika kwenye kigoda kengele ilipogongwa nje ya ratiba, na mtu akapaza sauti kwamba ng'ombe wa majirani wameingia kwenye mahindi ya shule. Hiyo ilikuwa dharura ya watu wote. Nilisikia kanga yake ikikwaruza mabati, kisha miguu yake ikienda. Akaenda na karatasi.

Pakawa kimya. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilikaa kwanza juu ya kigoda, nikayatazama maji kwenye beseni yakitulia. Nilisimama, nikaweka mguu, nikapumua kwa sababu nilitaka pumzi, nikaielekeza mgongoni kama alivyosema. Kisha nikasubiri kusikia maumivu. Sikuyasikia. Nikachuchumaa, nikainuka, nikatingisha mguu mmoja, kisha wa pili. Sikusikia kitu chochote. Nikanawa mikono, nikavaa, na kwa kuwa shule nzima ilikuwa shambani, nikaenda nami shambani.

Nilikuwa nimekimbiza ndama wawili hadi kwenye uzio niliposhtuka kwamba nakimbia. Matroni alikuwa amesimama kwenye tuta na fimbo asiyojua kuitumia. Aliitazama miguu yangu, akawatazama ndama, akaitazama tena miguu yangu.

"Bado watatu," alisema, "wako upande ule."

Kesho yake mwalimu wa hesabu aliniuliza swali la riba, nikasimama. Nilikuwa siku ya pili. Nilisimama wima, nikajibu, nikaendelea kusimama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Mwalimu akasema naona umepata dawa. Nikasema ndiyo, mwalimu.

Matroni alinipa masharti, nami nakupa kama alivyonipa, maana siku hizi wauguzi huyasema kwa mkazo zaidi. Badilisha kila baada ya saa nne, na isizidi saa nane hata uwe na shughuli gani. Usiweke ya pili bila kutoa ya kwanza. Ukipata homa ya ghafla ukiwa nayo, itoe, nenda zahanati, na useme wazi ulikuwa unatumia nini. Siku ya Katesh alifunga nne kwenye leso pamoja na sabuni, akaniandikia saa za kubadilisha kwenye kiganja, kwa kalamu ya wino. Kwenye lori nilikaa na ngumi imefungwa njia nzima ili zisifutike.

Utataka kujua kama tulishinda. Tulikuwa wa tatu. Nilisimama jukwaani asubuhi nzima, watu wakinitazama mbele na nyuma, na swali la mwisho nililikosa. Katika kujumlisha nilisahau kubeba mbili. Niliwaza sana njiani wakati wa kurudi, na kwa mara ya kwanza sikupata kingine cha kulaumu. Nilikuwa nimekosea kwa sababu ya kawaida, kama mvulana.

Pamba ziliisha muhula ule ule na hazikuja nyingine. Nilirudi kwenye vitambaa, vilivyokaushwa juani, na mikanda ambayo Matroni alitufumia kwa ile sufu ya katoni. Havikuwa vizuri kama pamba. Lakini sikurudi tena kuinama dawatini. Sijui kwa nini. Labda mtu akishasimama mara moja, mwili hukumbuka.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu Basotu, binti yangu wa miaka kumi na minne alipata siku zake na akagoma kwenda shule. Wakati huo tamponi zilikuwa zimeanza kupatikana mjini, nikamletea, nikamweleza yote kwa mpangilio mzuri, hatua kwa hatua. Siku mbili alijifungia bafuni akalia. Siku ya tatu nilipanda gari kwenda Dongobesh, ambako nilisikia Matroni anaishi na mtoto wa dada yake mwenye duka. Nilimkuta barazani akichambua mchele, macho yake yakiwa yamefifia.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Sogea nikuone." Akanishika kidevu. "Wewe ndiye wa ng'ombe."

Nilimweleza habari za binti yangu. Nilimwambia kwamba nimemfundisha vilevile alivyonifundisha yeye, bila kuruka hata kitu kimoja, na kwamba kama kuna jambo alilolijua yeye kwa uzoefu wake, aniambie.

Akaokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

"Uzoefu gani?" alisema. "Mimi sijawahi kuzitumia hata siku moja. Niliogopa."

Nilimuuliza basi alijuaje yote yale. Alisema nusu ilikuwa kwenye karatasi, na nusu nyingine aliipata kwa kunisikiliza mimi mlangoni.

"Na huyu wako," akauliza, "akiwa bafuni, wewe unakaa wapi?"

Nilimwambia ninakaa mlangoni.

"Unamwuliza kama amelegea?"

Nilikiri kwamba namwuliza. Alipuliza makapi kutoka kwenye ungo.

"Mimi nilikaa mlangoni kwa sababu nilikuwa naogopa," alisema. "Siyo wewe uliyenihitaji pale. Nililijua hilo siku ile nilipokuona unakimbia, ila mtu mzima hapendi kukiri kwamba ng'ombe walimzidi akili. Nenda nyumbani. Mwache."

Nilipanda gari la saa nane nikaenda nyumbani. Binti yangu alirudi darasani Jumatatu.

Kwa hiyo, ukiwa na msichana nyumbani, mpe maji ya uvuguvugu, sabuni, na chumba chenye komeo. Mweleze mara moja, polepole, na mwambie kwamba akipenda kitambaa ni sawa pia. Kisha toka nje kabisa, nenda mbali ambako hawezi kukusikia, na utafute kazi ya kufanya mpaka aje mwenyewe.